Kasuku Aliyejua Filimbi ya Phares

Watu wa Makongeni, mtaa wetu wa reli, wakisimulia habari za mume wangu huanza na ndege, na hapo ndipo wanaponiudhi. Phares alifanya kazi ya reli miaka ishirini na saba. Alilea watoto wanne katika nyumba ya chumba kimoja na jikoni, akaimba sauti ya nne kanisani, akamzika baba yake kwa heshima. Lakini ukitaja jina lake leo, mtu atakwambia, "Ah, yule wa kasuku?" Haya basi, yule wa kasuku. Mimi naitwa Norah, ndimi mke wa yule wa kasuku, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia apendavyo, leo nitaisimulia ilivyokuwa.

Kazi ya Phares ilikuwa kupanga mabehewa ya mizigo yadini, pale treni zinapoungwa. Watu wa reli humwita mtu huyo shanta. Ni yeye anayetembea kwa miguu kati ya mistari ya reli, anafungua behewa hili, anaunganisha lile, anampulizia dereva filimbi na kumwonyesha bendera: njoo, rudi, simama. Filimbi zao zote zilitoka stoo moja, lakini kila mtu na pumzi zake. Ya Phares ilianza chini, ikapanda, ikakatika kidogo katikati, halafu ikamalizika kwa mlio mfupi mkali. Nikiwa nafua nyuma ya nyumba niliitambua kati ya filimbi kumi. Madereva nao waliitambua. Kanuni ilisema dereva asisogeze injini mpaka aione bendera kwa macho yake, lakini kwa Phares hawakujisumbua kutazama. Wakiusikia ule mlio, walisogea tu, kwa kuwa Phares hakuwahi kukosea. Aliniambia jambo hilo mara nyingi huku amevimba kifua, na mimi nikamwambia ashushe mabega ale ugali.

Kasuku alikuja mwaka wa sabini na tatu. Treni ya abiria ilikuwa imetoka Butere, na wafagiaji wakakuta kikapu chini ya kiti cha behewa la mwisho. Kikakaa siku mbili bila mwenyewe. Karani wa mizigo iliyopotea akafunua, akaona kitu kinachopumua, akafunika tena. Ndipo Phares akaniletea nyumbani. Nilichungulia nikaona kijitu cha uchi, kichwa kikubwa kuliko mwili, macho yamevimba. Nikamuuliza Phares, Baba Roseline, huyu kuku umeshamnyonyoa, sasa nimpike au nimzike?

Hakucheka. Alisema huyo ni kasuku. Sisi wote wawili ni watu wa upande wa Kakamega, na yeye alikulia kando ya msitu. Utotoni alikuwa akiwasikia makasuku wakipita juu jioni na kuwatupia mawe wakishuka kwenye mahindi, lakini hakuwahi kumwona mmoja kwa karibu hata siku moja. Nilimwona anavyokishika kile kikapu kwa mikono yote miwili, nikajua maneno yangu yamepotea bure.

Basi tukalea. Nasema tukalea, lakini mchana Phares yuko kazini, kwa hiyo ni nani aliyekoroga uji wa wimbi na kuutia mdomoni kwa kijiko kila baada ya saa tatu? Nilinung'unika na nikalisha. Julai ikaja na baridi yake, nikamfunga ndani ya sweta kuukuu ya binti yetu Roseline, nikamweka karibu na jiko, si karibu sana. Mara mbili nilidhani amekufa, na mara ya pili nililia, jambo ambalo sikumwambia mtu. Jioni Phares aliporudi, hata kabla ya kunisalimu mimi, alisimama mlangoni na kuupiga ule mlio wake polepole kwa midomo. Ndege akasikia, akafungua mdomo. Hivyo ndivyo alivyojifunza, hakuna aliyemfundisha kwa makusudi.

Alipoota manyoya tukamzunguka sote kumtazama. Koti la kijivu lililokaa sawasawa, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, na shingo ameinyoosha mbele mfano wa mtu wa ofisi anayetafuta kosa kwenye fomu yako. Tukamwita Karani. Watu walitoka mitaa ya jirani, Kaloleni na Shauri Moyo, kuja kumwona, na mimi niliyesema nimpike au nimzike nikawa ndiye ninayewakaribisha na kuwaeleza anakula nini.

Lakini wageni wanaona mkia tu. Hawakumwona Karani akiutafuna mlango, akikata waya wa redio, akila Biblia kuanzia Mwanzo hadi katikati ya Kutoka. Alibandua vifungo vyote vya koti la kazi la Phares, na Phares akaenda kazini wiki nzima koti limefungwa kwa uzi. Kinyesi chake nilikifuta kwenye kiti, kwenye pazia, na siku moja kwenye bega la mchungaji. Akina mama wa ushirika waliniuliza kwa upole kama nina hakika yule ni ndege na si kitu kingine. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, mwaka wa sabini na saba, majirani wakanitisha kwamba nitafungwa, ingawa Phares hakuwinda chochote zaidi ya kikapu.

Na aliiga. Aliiga mfereji wa maji ukifunguliwa, akaiga kikohozi changu. Jirani yangu mlango wa pili alikuwa Teresiah, mtu wa Kiambu aliyeuza viazi na sukuma wiki, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Karani akakichukua kicheko hicho kizimakizima. Siku tuliyokusanyika mlangoni kwa mama mmoja aliyefiwa, kicheko cha Teresiah kikalia kutoka nyumbani kwangu katikati ya maombi. Teresiah alikuwa amekaa hapo hapo, amefunga macho. Hakusema nami wiki mbili.

Yote hayo nilivumilia. Lililonitia hofu ni lile la mwaka Phares alipokwenda nyumbani kumzika baba yake. Alikaa siku kumi. Karani alianza kwa kupiga filimbi ya Phares tangu asubuhi hadi giza, kisha akanyamaza na kuanza kujinyonyoa. Aliporudi mwenyewe, kifua cha ndege kilikuwa wazi, ngozi tupu, kama siku ile ya kikapu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Akimwona Phares, hapigi ile filimbi, kwani ya nini? Aliipiga pale alipojua Phares yuko karibu lakini hamwoni, au alipomkosa kabisa. Ilikuwa ni kumwita. Ndani ya nyumba haikumdhuru mtu, na mchana nilizoea kulitundika tundu barazani, upande wa barabara, mbali na yadi.

Sasa nifike pale ninapopaona vibaya kupataja. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa sabini na tisa, asubuhi ya ukungu mzito. Makaa niliyonunua yalikuwa mabichi, nyumba imejaa moshi, Karani anapiga chafya. Barazani Teresiah alikuwa ameanika magunia yake. Nikalichukua tundu, nikalitundika nyuma, kwenye waya wa nguo ulio kando ya ua wa reli. Ng'ambo ya ua ule ni mistari ya mabehewa. Nilifanya hivyo mimi, kwa mikono yangu, ili ndege apate hewa.

Phares alikuwa hatua chache kutoka hapo, ndani ya ukungu, ameinama katikati ya mabehewa mawili ya mahindi akiyaunganisha. Filimbi ilikuwa mfukoni. Akamwambia mwenzake jambo kwa sauti. Karani akaisikia sauti, akatazama, asimwone mtu. Akamwita. Mlio ukaanza chini, ukapanda, ukakatika, ukamalizika kwa ukali. Na dereva aliyekuwa kwenye injini, Mzee Naftaly, akafanya alivyofanya miaka yote akiusikia mlio huo. Akasogea.

Nilisikia kishindo, kisha nikasikia wanaume wakipiga kelele. Nilikimbilia ua nikaushika, sikuona kitu ila ukungu. Nilikaa chini kwenye majani yenye umande nikaita jina la mume wangu.

Alirudi nyumbani saa nne, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alikuwa ameruka. Gurudumu lilikata kisigino cha buti na kuacha chake. Behewa moja lilikuwa limelala upande, mahindi yamemwagika. Nilitaka kumkumbatia, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama Karani, aliyekuwa amekwisha kurudishwa ndani, akamtazama sana. Kisha akaniuliza ndege alikuwa wapi asubuhi. Sikumficha. Nilimwambia, kwenye waya, kando ya ua. Akaketi kitandani akaufunika uso wake.

Siku ile ile mkubwa wa yadi, Bwana Ndambuki, alimsimamisha kazi Naftaly. Naftaly alisema amesikia filimbi ya Phares, na yuko tayari kuapa. Phares alikuwa na mashahidi wawili kwamba filimbi ilikuwa mfukoni. Basi wakubwa wakasema Naftaly ni mwongo, au amezeeka masikio, au amelewa. Yule mzee hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa na miaka ishirini na minne kazini na mmoja umebaki astaafu, na kikao cha uchunguzi kiliwekwa baada ya siku tano. Kila mtu yadini alijua kitakavyoamua: atafukuzwa, na kwa kufukuzwa atapoteza kila alichokifanyia kazi.

Na sisi je? Kanuni za nyumba za reli zilikuwa wazi: hakuna kufuga mnyama. Kuku walifumbiwa macho, lakini mwaka uliotangulia mtu wa mstari wa tatu wa nyumba alitolewa yeye na wanawe kwa ajili ya mbuzi mmoja. Mbuzi yule alikuwa hajaangusha behewa. Nilipomwona Phares ananyoosha koti lake usiku wa kwanza, nilijua anafikiria kwenda kumtaja ndege kwa wakubwa.

"Nyamaza, Baba Roseline," nikamwambia. "Wewe hukupuliza, na hiyo ni kweli. Waache wamalizane wao."

"Naftaly aliisikia filimbi yangu," akasema. "Akifukuzwa kwa kusema kweli, mimi nitampulizia nani tena, na aniamini?"

Nilikasirika, tena sana. Nilimuuliza watoto watalala wapi. Nilimwambia anampenda ndege na mzee wa watu kuliko nyumba yake. Siku tatu sikusema naye, nikatia chumvi nyingi kwenye mboga kwa makusudi, naye akala akamaliza, jambo lililozidi kuniudhi.

Siku ya nne nilikwenda kibandani kwa Teresiah kununua viazi, nikapita mlangoni kwa Naftaly. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa ameketi nje juu ya kigoda, amevaa sare ya kazi, kofia kichwani, viatu vimepigwa rangi. Hakuwa na mahali pa kwenda. Alinisalimu vizuri, akaniuliza mguu wa mume wangu unaendeleaje. Mtu yule, katika hali ile, aliniulizia mguu wa mume wangu. Niliaibika mpaka masikio yakaniwaka. Nilirudi bila viazi, nikamwambia Phares kwamba kesho akienda kwenye kikao asimbebe ndege peke yake, hajui kumfunika. Nitambeba mimi.

Ofisi ya yadi haikuwa na mwanamke hata mmoja. Wakubwa watatu walikaa nyuma ya meza, Bwana Ndambuki katikati, Naftaly amesimama pembeni na kofia mkononi. Phares akasema yote. Hakulitaja jina langu. Alisema tundu lilitundikwa nyuma ya nyumba yake na kosa ni lake. Nikalifunua lile tundu. Karani akanyoosha shingo, akawatazama mmoja mmoja, akanyamaza.

Wakamngoja. Mkubwa mmoja akampigia mluzi, ndege kimya. Phares mwenyewe akambembeleza, naye akageuza kichwa akamtazama kwa jicho moja, ametulia kabisa. Ikapita nusu saa. Wakubwa wakaanza kutabasamu, na mmoja akauliza kwa Kiingereza jambo lililowachekesha wenzake. Bwana Ndambuki akafunga faili. Akasema Phares ni mfanyakazi mzuri na anaelewa anamhurumia mzee, lakini hii ni ofisi, si mahali pa michezo. Nikamwona Naftaly anainamisha kichwa.

Sikuwa nimeitwa niseme, lakini ni nani aliyemlisha yule ndege kwa kijiko? Nikasimama.

"Bwana mkubwa," nikasema, "mtoe mume wangu nje, mfunge mlango. Huyu ndege hawezi kumwita mtu anayemwona."

Ndambuki akaonyesha mlango kwa kalamu. Phares akatoka. Mlango ukafungwa, tukasikia hatua zake zikienda mbali kwenye kokoto, na kikohozi chake kimoja. Karani akainua kichwa. Akakimbia upande huu wa ufito, akakimbia upande ule. Halafu akapiga.

Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, ikamalizika kwa ukali uleule. Na kabla hajafunga mdomo, nje ya dirisha injini iliyokuwa imesimama mstari wa pili ikajibu kwa honi na kuanza kusogea.

Sijawahi kumwona mkubwa akiruka meza, siku hiyo nilimwona. Bwana Ndambuki alikuwa dirishani ameshika tai yake anaipeperusha kama bendera, anamwita dereva asimame, asimame. Injini ikasimama. Alipogeuka jasho lilikuwa linamtiririka. Akalitazama lile tundu, akamtazama Naftaly. Akamwambia, "Mzee, tusamehe." Naftaly aliweka kofia usoni akalia humo ndani, na mimi nikalia nikiwa nimesimama, na sikuona haya hata kidogo.

Hukumu ilichukua dakika chache. Naftaly arudi kazini, na yeye na madereva wote waonywe: bila kuiona bendera kwa macho, hakuna kusogea. Phares akaitwa ndani. Ndambuki akamwambia angeweza kumfukuza kwenye nyumba saa ile ile, lakini mtu aliyejileta mwenyewe hawezi kumtenda hivyo. Tungehamishiwa nyumba ya mwisho upande wa barabara kuu. Lakini mlio ule ulishaingia masikioni mwa kila dereva, na yadi haiwezi kuwa na Phares wawili. Achague: ama ndege aondoke, ama mlio huo usipulizwe tena kazini mpaka atakapostaafu.

Mnaelewa alikuwa anaombwa nini? Miaka kumi na saba alikuwa ameupuliza mlio ule. Lile ndilo jambo alilojulikana nalo. Wengine walikuwa na vyeo na magari, yeye alikuwa na mlio. Nilitaka kusema, mwachie ndege, tutampeleka kwa mtu. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Huyu ataupiga mpaka afe, hajui mwingine," Phares akasema. "Mimi naweza kujifunza."

Tulihama Jumamosi, Teresiah akabeba tundu na kucheka njia nzima, sasa kwa ridhaa yake. Jumatatu asubuhi sikuweza kukaa ndani. Nilimwacha Karani na Roseline, nikavuka mtaa wote mpaka kwenye ua wa zamani, na Teresiah akanifuata na kapu lake. Jua lilikuwa wazi. Wanaume walikuwa wamesimama kwenye mistari wakijifanya wana shughuli. Phares akatoa filimbi, akaitia mdomoni, akapuliza mlio mpya. Ulitoka umepinda, ukatetemeka, ukakatika pasipostahili, kama wa mtoto aliyepewa filimbi juzi. Vijana wawili wakacheka.

Injini haikusogea. Mzee Naftaly alitoa kichwa na mabega nje ya dirisha lake, akaitafuta bendera ya kijani, akaiona, akainua mkono. Ndipo akasogea.

Teresiah akasonya, akaniuliza ni nani huyo asiyejua hata kupuliza.

Nikamwambia, "Huyo anayepuliza vibaya hivyo ni mume wangu."